Kaburi Alilochimba Mtani

Mama yangu alikufa alfajiri ya siku ya bamvua, bahari inapojaa kuliko kawaida, na wasia aliotuachia niliupokea kama tusi. Hakusema neno kuhusu nyumba, wala minazi, wala mbuzi wake wawili. Alimshika dada yangu Tabu mkono, akamwambia, "Kaburi langu liwe ubavuni mwa baba yenu. Na alichimbe Ngasoma. Asishike jembe mtu mwingine kabla yake." Kisha akageukia ukuta, akapumzika.

Mimi, mwanawe wa kiume wa pekee, nilikuwa nimekaa miguuni pake na kikombe cha maji mkononi. Jina langu halikutajwa hata kwa bahati mbaya.

Tabu alimfunga mama kidevu kwa kitambaa, kisha akanigeukia. "Mpigie mtani wako."

"Kwani Kibangala imekosa wanaume wenye mikono?"

"Shamte, mama hajapoa. Mpigie."

Nikampigia.

Ngasoma ni mtu wa juu ya mto Luhembe, na sisi ni watu wa mdomoni mwa mto, huku unakoingia baharini. Sisi tunawaita wala kumbikumbi, wao wanatuita wanywa chumvi. Ukifiwa, mtani ndiye anayekuja kuchimba kaburi na kusimamia chungu, anamwigiza marehemu mpaka wanaolia wacheke, anabeba chochote atakachokitamani nyumbani mwako, nawe huna ruhusa ya kukunja uso. Mtani hanuniwi. Kwa hiyo wasia wa mama haukumshangaza mtu yeyote isipokuwa mimi.

Mimi na Ngasoma tulikuwa na la ziada. Tulisoma chuo cha maji pamoja, chumba kimoja, shuka moja wakati wa baridi. Wakati huo Mlango, ule wa kuugeuza mto, ulikuwa ndiyo kwanza umekamilika kule juu. Luhembe, uliokuwa ukishuka kila masika, ukavimba, ukalala mashambani mwetu kisha ukaenda zake, uligeuzwa shingo, ukaingizwa Mfereji Mkuu, ukapelekwa Nyanda Kavu walikohamishiwa watu waliokimbia ukame. Anayekaa Mlangoni ndiye anayekaa na mto. Tuliiomba kazi ile wote wawili. Akapewa yeye, mimi nikarudi kijijini na begi langu. Mama aliponipokea alisema, "Afadhali kaipata Ngasoma, maana angeikosa angelia yule." Nami niliyeikosa sikuulizwa kama nimelia.

Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Mimi nilikonda zamani, kwa hiyo sioni haya kuusema.

*

Alifika kabla jua halijawa kali, na kereng'ende la serikali, kile chombo kidogo cha kuruka chenye mabawa manne, akatua uwanja wa shule na kuwatimulia vumbi watu waliokuja kuhani. Hakusalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye kamba ya nguo, akaitwaa kanga ya mama, akajifunga kiunoni, akainama mgongo kidogo, akaanza kutembea uani.

Alikuwa mama. Sijui niseme vipi. Aliwakaripia wale mbuzi wawili kwa majina yao. Alipekua vyungu vya wapishi akasonya. "Nyie wanywa chumvi," akasema kwa sauti ya mama, "mnalia kwa sababu mimi nimekufa, au kwa sababu wali haujaiva?" Kisha akakohoa kidogo, kile kikohozi cha mama kilichokuwa kinatangulia kicheko chake, akacheka.

Wanawake wakaangua kicheko na kilio kwa pamoja. Tabu alijishika ubavu, machozi yakimtiririka. Nami nilisimama kwenye nguzo ya baraza nikiwaza kile kikohozi. Nimeishi na mama maisha yangu yote, na sikuwahi kukisikiliza vizuri kiasi cha kuweza kukirudia. Huyu aliyekuja kwa mwaka mara moja alikuwa nacho kooni, kama amerithi yeye.

"Nipeni maji," akasema Ngasoma, sasa kwa sauti yake.

"Mwizi wa mto anaomba maji!" Tabu akapaza sauti, na watu wakacheka tena. Akamletea kata.

Akanywa yote, akaitazama kata kama anayeisoma, kisha akanijia, akanikumbatia. "Pole sana, ndugu yangu. Halafu maji yenu matamu! Kila asubuhi nikifungua Macho ya Kibangala naona kijani tupu. Nawaambia wenzangu Mlangoni, kule chini kuna mtu."

Alisema kwa moyo safi. Angesema kwa kejeli ningempenda zaidi.

Utando unaoyalinda maji hayo niliutengeneza kwa hasira, na hasira ile ilikuwa yake. Chini ya mchanga wetu maji baridi yanaelea juu ya maji ya chumvi, kama mafuta juu ya mchuzi. Mafuriko ya Luhembe ndiyo yaliyokuwa yakiongeza mafuta kila mwaka, kwa kuwa mto haukuwa ukipita juu tu, ulikuwa ukiinywesha ardhi. Ulipogeuzwa, chumvi ikaanza kupanda kutoka chini na kuingia kutoka upande wa bahari. Hapo ndipo nilipofuga wadudu wangu, wadogo kuliko jicho linavyoweza kuona. Nikawazoesha kuichukia chumvi. Wakiionja, wanashikana na kutoa ute, na ute unaziba mchanga; huo ndio utando. Nikawashusha kwa mabomba kuzunguka kijiji kizima, nikawa nawalisha molasi kama mtu anavyolisha ng'ombe wa maziwa. Ndani ya duara lile maji yetu yakabaki kama alivyoyajua bibi yangu. Nilitaka mto uondoke na tusiukose. Nilitaka Ngasoma akae kule na mto wake, afungue Macho kila asubuhi, aone kwamba hatumhitaji.

Macho ni vile vidude vilivyozamishwa katika visima vyetu vitatu wakati wa Mkataba wa kugawana mto. Waliouandika waliogopa tamaa ya binadamu, wakaamua mkono wa mtu usihusike. Macho yakionja chumvi kupita kiasi, Mlango unafunguka wenyewe na kuurudishia mto njia yake mpaka visima vipoe. Yakiwa kijani, Mfereji unachukua. Tangu niweke utando hayajawahi kuwa mekundu, na kwa sababu ya kijani kile Mfereji umepanuliwa mara mbili.

Hilo nilikuwa nalijua. Nilikuwa nalijua kama mtu anavyojua kwamba paa lake linavuja katika chumba asicholala. Mwaka jana maji ya ndani yalipopungua niliuvuta utando, nikalibana duara, na makaburi yakabaki nje. Mama aliacha kula siku ile. "Umewatoa wafu nje ya nyumba," aliniambia, na hatukulizungumza tena.

*

Njia ya makaburini Ngasoma hakuwa akiijua. Miaka yote anatua shuleni, anakula barazani kwetu, anaondoka. Nilimtangulia na ndoo, yeye akifuata na jembe mkononi na sururu begani, kanga ya mama bado kiunoni, na nyuma yetu Mwalimu Kitwana wa msikitini na wanaume wengine wachache.

Ukipita nguzo ya mwisho ya bomba langu, ardhi inabadilika. Inakuwa nyeupe na inavunjika chini ya mguu kama ukoko wa wali. Minazi ya baba ilikuwa imesimama bila vichwa. Mbele yake, palipokuwa na msitu wa mikoko, ile misikundazi, uliokuwa mzito hata mchana ukiingia unatafuta taa, kulikuwa na vijiti vya kijivu mpaka kwenye mkono wa mto, na mkono wenyewe haukuwa na mto.

"Mmechoma msitu mzima kwa kaa mmoja?" Ngasoma akatania.

Hakuna aliyecheka. Akawatazama, kisha akanitazama mimi.

"Misikundazi inatangulia kufa," nikamwambia. "Mikoko yote inavumilia chumvi, lakini hakuna unaotaka chumvi tupu. Ilikuwa inakunywa yale maji yaliyokuwa yakichuruzika chini kwa chini kutoka mtoni. Kamba nao walikuwa wakizaa humo, pale chumvi inapokutana na baridi. Siku hizi ukitega huku unapata matope."

"Tangu lini?"

"Tangu tuanze kukwambia."

"Mmeniambia lini, Shamte?"

"Kila mwaka. Kwenye harusi ya binti yako, Tabu alisimama mbele ya watu akaimba kwamba wala kumbikumbi wametuibia mto, watatuzika kwenye chumvi. Ukainuka ukamtunza."

Ngasoma alisimama, sururu ikateleza begani. "Nilidhani utani."

"Ulikuwa utani," nikasema. "Wewe ulitaka mtani akwambie kwa lugha gani?"

Mwalimu Kitwana akakohoa, akasema jua halimsubiri maiti. Ngasoma akavua shati, akapima kwa fimbo ubavuni mwa baba, akapiga jembe la kwanza kama mama alivyotaka.

Alichimba vizuri, ndilo lililoniudhi. Alikwenda sawa, pembe zimenyooka, hapumziki. Lakini alipofika kiunoni udongo uligeuka rangi, ukawa mweusi, ukanuka yai bovu. Maji yakaanza kutoka pembeni, taratibu, kama jasho. Tukateremsha ndoo tukachota. Tulipotoka kuswali adhuhuri na kurudi yalikuwa yamefika magotini. Tukachota tena. Yakapanda mapajani. Alipojaribu kukata mwanandani ambamo mama angelazwa, ukuta ukameguka wote, ukaanguka majini.

Ngasoma akachovya kiganja, akaonja. Akatema, akaonja tena, kama vile ulimi wake ulikuwa umemdanganya.

"Hii ni bahari."

"Ni bahari," nikasema. "Leo bamvua. Zamani ikipanda ilikuwa inakutana na mto hapo mbele, mto unaisukuma irudi. Sasa inapanda mkono mzima na hakuna wa kuiuliza inakwenda wapi."

Mwalimu Kitwana alisogea ukingoni, akatikisa kichwa. "Maiti hatumlazi majini. Pale nyuma ya shule kuna ardhi kavu. Tukachimbe kule."

"Wasia ni ubavuni mwa baba," nikasema.

"Wasia unatekelezwa ukiwezekana, Shamte. Mama yako analijua hilo sasa kuliko sisi." Akawachukua wale wanaume, wakaenda kivulini kwa mbali kushauriana.

*

Tukabaki wawili, mimi juu na Ngasoma shimoni, maji yakimfika kiunoni na kanga ya mama ikielea mbele yake. Alikuwa hanitazami mimi. Alikuwa anatazama nguzo ya bomba langu, ile ya mwisho, iliyokuwa karibu kiasi cha kutupia kokoto.

"Bahari peke yake haifiki juu namna hii," akasema polepole. "Utando wako unapita pale?"

"Pale."

"Na ndani maji yameshuka kiasi gani?"

Nikainama kuokota ndoo.

"Mmekuwa mnachota bila kurudishiwa, yameshuka. Nje bahari inapanda. Ukuta wako ndio unaoizuia, na inakuja kurundikana hapa." Akapiga maji kwa kiganja. "Hapa, juu ya baba yako."

Hata udongo wangu mwenyewe alikuwa anausoma upesi kuliko mimi. Au tuseme kweli: mimi nilikwisha kuusoma mwaka jana, nikafunga.

"Ufungue Mlango, basi," nikamwambia kwa hasira. "Si ndiyo kazi yako? Si ndiyo uliyopewa?"

"Mlango hauna komeo ndani wala nje, unajua. Unayasikiliza Macho tu. Nikirudi nikawaambia Kibangala inakufa, watayafungua Macho, watakuta kijani. Nani atamsikiliza mtu aliyetoka msibani kwa watani zake?"

"Kwa hiyo unataka niuvunje."

"Sijasema."

"Umesema."

"Shamte, kule Nyanda Kavu kuna watu. Nawaona kila siku. Kuna watoto wamezaliwa huko, hawajui maji mengine zaidi ya yale ya Mfereji. Mlango ukifunguka wao watapungukiwa. Siwezi kukuomba uuvunje, na siwezi kukukataza. Sina uso wa kufanya lolote kati ya hayo." Akainamisha kichwa. "Mama yako hakuniita nichimbe. Aliniita nije nione."

Akalia. Mtani halii msibani, ni mwiko kama mwiko mwingine wowote, naye alikuwa amesimama katika kaburi la mama yangu, ndani ya kanga ya mama yangu, analia kama mtoto aliyenyang'anywa.

Hapo ndipo jambo lenyewe liliponiingia, na liliingia kama mwiba. Mama alikuwa hakunisahau. Alimwita Ngasoma kwa sababu hakuwa ameona. Mimi hakuwa na haja ya kuniita, nilikuwa nimeona na kunyamaza.

Chini ya kila nguzo nina pipa la siki. Wadudu wangu wakishiba molasi wanashikana, wakionja siki wanaachiana, na ndivyo ninavyouhamisha utando ninapotaka kuubana. Siku ya kawaida nikiwaachisha sehemu moja naweza kuwashikanisha tena. Siku ya bamvua, bahari ikiegemea kwa uzito ule, wakiachiana hawatashikana tena. Maji yatakimbilia ndani, yatafika visimani, kwa kuwa mchanga wetu ni wa chembe kubwa na maji hayakawii humo. Macho yatakuwa mekundu. Mlango utafunguka. Na Kibangala itakunywa chumvi masika moja, pengine mbili, mpaka mto uioshe ardhi. Wengine watahama. Mto ukirudi, watu watasema Ngasoma ameurudisha. Visima vikiharibika, watasema Shamte. Nililihesabu hilo lote nikiwa nimesimama pale, sikuificha nafsi yangu lolote.

Nisingependa mtu afikiri nilifanya kwa wema. Nilikwenda kwenye nguzo kwa sababu mama alitaka kulala pale, na kwa sababu sikuweza kuvumilia Ngasoma awe mtu pekee aliyemfanyia jambo siku ile. Nikafungua pipa la siki, nikaliacha lote liende.

Kwa muda hakikutokea kitu. Kisha tukasikia ardhi ikinyonya, mlio kama wa mtu anayemaliza uji kwenye bakuli. Maji yakashuka kiunoni mwa Ngasoma, yakafika mapajani, magotini. Kaa mmoja mdogo alibaki kwenye tope akizunguka asijue bahari imekwenda wapi. Ngasoma aliniangalia kutoka chini, akaniachia nafasi. Nikashuka. Tukaukata mwanandani pamoja, yeye upande wa kichwa, mimi upande wa miguu.

Mwalimu Kitwana aliporudi alikuta kaburi limekauka. Akashukuru Mungu kwa sauti, akasema hiyo ni heshima ya marehemu. Sikumsahihisha. Tulimzika mama baada ya alasiri, ubavuni mwa mumewe.

*

Tuliporudi nyumbani jua lilikuwa limelegea, na wanawake walikuwa wamekwisha kugawa chai. Maji ya msiba yalichotwa kisima cha shule, kilicho karibu zaidi na makaburi. Nikakiona kikombe cha kwanza kinainuliwa.

Mwanamke mmoja alinywa, akatoa macho, akatema. Wa pili akatema. Kisha kicheko kikalipuka uani kutoka jamvi hadi jamvi.

"Mtani katutilia chumvi kwenye chai!"

"Ngasoma! Wala kumbikumbi hawajui sukari!"

Nilimwona Tabu akifuta midomo kwa upande wa kanga huku akicheka kwa mara ya kwanza tangu jeneza litoke uani. Ilikuwa ndiyo hila ya kale ya watani, ya kubadilisha sukari na chumvi, na kila mtu aliipokea kama zawadi. Ngasoma naye alikuwa amesimama kando yangu, na nilimwona anaelewa. Alinitazama mara moja. Kisha akaruka katikati ya uwanja, kanga imemganda miguuni kwa tope, akainua mikono.

"Ni mimi!" akapiga kelele kwa sauti ya mama, na kile kikohozi mbele yake. "Wanywa chumvi, kunyweni chumvi! Mnataka sukari njooni mnikomboe!"

Watu wakavunjika mbavu. Na mimi nilielewa alichonifanyia. Keshokutwa visima vyote vitatu vikionja vile vile, lawama itakuwa imekwisha kumwangukia mtani, na mtani hanuniwi. Watapiga kelele, watamtukana kwa jina la kumbikumbi, watacheka, watazoea. Mto ukirudi utakuwa wake. Chumvi nayo itakuwa yake. Mimi nitabaki Shamte aliyetunza maji matamu mpaka mtani alipoyaharibu. Alikuwa ananipa njia ya kutokea, tena bure.

Wivu ulinipanda mpaka nikaona giza. Alichukua mto. Alichukua kikohozi cha mama na machozi ambayo mimi nilishindwa kuyatoa. Sasa alikuwa anabeba na kosa langu, jambo pekee siku ile ambalo lilikuwa langu peke yangu.

"Si yeye," nikasema.

Hawakunisikia. Nikasogea katikati, nikamsukuma Ngasoma kando.

"Si yeye! Chai haina kitu. Ni kisima. Nimeuachia utando pale makaburini, bahari imeingia. Kesho kisima cha pili, keshokutwa cha tatu. Nimefanya mimi, kwa mkono wangu, na nilikuwa na akili zangu."

Kicheko kilikatika jamvi baada ya jamvi. Wengine walitabasamu bado, wakinisubiri nimalizie utani, mpaka walipouona uso wangu. Mkononi mwa Ngasoma kidude chake cha kazi, kinachompa habari za Macho, kililia, akakitazama, na sikuhitaji kumuuliza. Jicho la kisima cha shule lilikuwa limeiona chumvi. Mbali sana huko juu, bila mkono wa mtu, Mlango ulikuwa umeanza kuinuka.

"Mto unakuja," Ngasoma akasema kwa sauti yake mwenyewe.

Tabu aliinuka. Alikijaza kikombe chai kutoka kwenye sufuria, akakileta mpaka mbele yangu, akanishikisha kwa mikono yake yote miwili.

"Kunywa."

Nikanywa yote, mpaka majani ya chini. Ilinichoma kooni, ikanirudi puani.

"Inanyweka?"

"Hainyweki, dada."

"Basi kaa pale mlangoni," akasema. "Kila atakayekuja kuhani utampa kikombe na utamwambia kama ulivyotwambia sisi. Usimwachie mtu mwingine aseme."

Nikaenda kukaa mlangoni. Watu walinipita wakiingia na kutoka, wengine bila kunitazama, na kwa kila aliyekuja nilisema nilichokuwa nacho. Ngasoma alikuja mwisho, kabla hajaliendea kereng'ende lake. Kwa desturi kanga ya marehemu ilikuwa yake, angeondoka nayo na tungemfuata kwao kuikomboa. Akaifungua kiunoni, akaikung'uta tope, akanitupia mabegani ikiwa bado imelowa maji ya kaburini.

Nilikuwa bado namwonea wivu. Sikumwambia asante, mtani hashukuriwi. Lakini nilijifunika kanga ya mama yangu, ikaniwasha shingo kwa chumvi, na mtu mwingine akaingia, nikamjazia kikombe.